Choo cha Mukuru kilichoanzia darasa la biashara Marekani: hivi sisi kwenye MBA zetu tunasoma nini?

#1 Mtoto wa Karani

Wakuu heshima zenu. Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka apite, mwenye chai akae.

Nipo mwaka wa kwanza MBA ya jioni hapa Dar. Juzi tulipewa kazi ya kikundi: biashara inavyoweza kutatua matatizo ya jamii. Tuko sita, watatu wa benki, mmoja bima, mmoja anauza soda, na mimi wa stoo. Tulikaa saa mbili tukatoka na slaidi 14, na tatizo la jamii tulilolitatua ni kampuni kupanda miti na kugawa madawati. Picha ya meneja kashika mche ipo slaidi ya 9. Hakuna aliyecheka.

Nilirudi nyumbani na hasira nisiyojua inatoka wapi, mpaka nikakumbuka choo.

Kabla ya Dar nilifanya kazi Nairobi miaka miwili, ghala moja pale Industrial Area. Mchana tulikuwa tunavuka kwenda kula Mukuru kwa Reuben, maana ugali na madondo kule ulikuwa nusu ya bei. Anayeijua Mukuru anajua. Vyumba vya mabati vimegusana, kijia kinapitisha watu wawili wakipishana kwa ubavu, bomba la majitaka hakuna, na gari la kunyonya haliingii hata likiombewa dua. Choo cha shimo kikijaa ndiyo basi. Usiku mwanamke anaogopa kwenda choo cha mbali, anatumia mfuko wa plastiki, na mfuko unarushwa. Wenyewe wanaviita vyoo vya kuruka. (Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017. Haja haikupigwa marufuku.)

Katikati ya hali hiyo nikawa naona vibanda vidogo vya choo, visafi, vimeandikwa Fresh Life, na vijana wenye mikokoteni wanapita kuchukua ndoo zenye vifuniko. Nilidhani ni mradi wa kanisa. Kumbe mambo yalianzia darasani, na darasa lenyewe la shule ya biashara.

Chuo cha MIT, kule Cambridge, Massachusetts, ng'ambo ya mto ukitokea Boston, kina shule ya biashara inaitwa Sloan. Wanafunzi watatu wa pale, Ani Vallabhaneni, Lindsay Stradley na David Auerbach, walianzisha kitu wakakiita Sanergy. Mwaka 2011 wakashinda shindano la mipango ya biashara la chuo chao, lile la dola 100,000, na kabla mwaka haujaisha choo cha kwanza kikafunguliwa Nairobi.

Sasa sikilizeni kilichonivutia. Choo ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Kimetengenezwa kutenganisha mkojo na kinyesi, kila kimoja na chombo chake, kwa hiyo hakuna shimo la kujaa. Mwendeshaji ni mtu wa mtaa huohuo. Vyombo vikijaa vinazibwa, vinatolewa kwa mkokoteni mpaka barabara kubwa, vinapanda gari, vinafika kiwandani. Huko vinakuwa mbolea, na vingine wanalishwa funza wa yule nzi mweusi ambaye wafugaji wanamwita BSF. Funza wakinenepa wanakaushwa na kuwa protini ya chakula cha kuku, nguruwe na samaki. Biashara imeanza na mama mmoja wa Mukuru saa tano usiku, imeishia kwenye banda la kuku la mtu asiyemjua.

Fikirini ni watu gani wanatakiwa kukaa meza moja ili mnyororo huo usikatike. Ukimtoa mjuzi wa udongo, mbolea hainunuliwi. Ukimtoa mbunifu, choo hakienei kwenye futi chache za plot. Ukimtoa anayejua mtaa, mwenye nyumba anakufukuza wiki ya kwanza. Na hesabu yenyewe ilibidi ibadilike njiani. Mwanzo mwendeshaji alimtoza kila anayeingia, baadaye vyoo vingi vikaelekezwa kwenye plot za wapangaji, mwenye nyumba analipia huduma. Upande wa choo ukawa chini ya shirika lisilo la faida, upande wa mbolea na chakula cha mifugo ukawa kampuni. Kwa maoni yangu hapo ndipo mtu wa biashara anapojipatia mshahara wake halali: kukubali kwamba mbolea peke yake haiwezi kulipia kuzoa kinyesi cha mtaa mzima, sawa na takataka zisivyojilipia.

Kikundi chetu kina watu sita na wote tunajua kitu kimoja. Hilo ndilo swali langu kwenu. Tunafundishwa nini, na pamoja na nani?

#2 kopo_la_rangi

Nimesoma huku nakula. Asante sana mkuu.

#3 Fundi Bomba 77

Mimi nanyonya vyoo, mwaka wa kumi na moja sasa. Naandika kwa sababu kazi yangu imetajwa kwa heshima, jambo ambalo halitokei mara nyingi.

Dar mabomba ya majitaka yanafika sehemu ndogo tu ya jiji. Waliobaki wote ni shimo au septiki. Mngedhani natajirika. Masika ikianza, simu yangu inanyamaza. Mnajua kwa nini? Watu wanatapisha. Mtu anatoboa shimo ubavuni, anasubiri mvua kubwa ya usiku, maji yanapita na kila kitu mpaka kwa jirani wa bondeni. Bure kabisa. Mimi natoza, gari langu halifiki, na mpira una mwisho wake. Kwa hiyo mshindani wangu siyo kampuni nyingine ya majitaka. Mshindani wangu ni mvua.

Wamekuja wataalamu kwangu. Wa biashara aliniambia niongeze matangazo na nibandike namba kwenye nguzo. Mhandisi aliniambia ninunue gari dogo. Dada wa afya alinieleza kipindupindu, ambacho nakijua kuliko yeye. Wote watatu walikuwa sahihi nusu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuja na wenzake wawili siku moja.

#4 Mtoto wa Karani

Kaka Fundi, "mshindani wangu ni mvua" naiiba, naipeleka darasani Jumatano. Nitasema imetoka kwako.

#5 Nyangumi wa Kilindini

Mie natoka Mombasa, na niwieni radhi, naona mwasifu sana. Hao watatu wa Marekani wamekuwa waasisi, wamepigwa picha, wamepewa dola. Asukumaye mkokoteni ni kijana wa Mukuru vile vile. Na hizi shule zikija kwetu huja kwa utafiti, na huo ndio usionipendeza kabisa. Huku kwetu wamekuja watu na tableti, wakamuuliza mamangu maswali saa nzima na nusu: wala nini, walala na nani nyumba moja, mwezi uliopita ulikopa kwa nani. Wakamwachia mche wa sabuni. Miaka sita hii, hatujaona hata karatasi moja iliyotwambia walipata nini. Shule ya biashara yatafuta nini jikoni kwa mamangu?

#6 Mtoto wa Karani

Ndugu yangu Nyangumi, la sabuni huna wa kukubishia. La "yatafuta nini jikoni" nitajaribu kujibu, kwa sababu pale pale Sloan kuna profesa anayefanya kazi hiyohiyo ya maswali, na nadhani kazi yake imetusaidia kujielewa.

Anaitwa Tavneet Suri. Amekulia Kenya, ni mchumi, na anafundisha shule ya biashara. Kazi yake moja iliyotoka 2011 ilihusu mahindi. Miaka nenda rudi wataalamu walikuwa wanashangaa: mbegu chotara inazaa zaidi, mbona wakulima wengi wa Kenya hawaipandi, au wanapanda mwaka huu na kuacha mwaka unaofuata? Jibu rahisi lilikuwa elimu, mkulima hajui. Suri akachukua taarifa za kaya zilezile za miaka kadhaa akazipanga upya. Akakuta kuna kundi la wakulima ambao mbegu chotara ingewazidishia mavuno kuliko wote, na hao hao hawapandi, kwa sababu kuipata mbegu na mbolea walipo kunawagharimu mno. Miundombinu haiwafikii. Kwa hiyo mkulima alikuwa ameshapiga hesabu yake akilini, na hesabu ilikuwa sahihi. Kumpelekea semina ni kumtukana.

Ya pili ni M-Pesa. Safaricom waliizindua Machi 2007. Kuanzia 2008 Suri na mwenzake William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown wakawa wanazirudia kaya zilezile kuzihoji. Ujanja wao ulikuwa kuangalia wakala yuko umbali gani. Mawakala waliongezeka kwa kasi, mahali pengine mapema, pengine baadaye, kwa hiyo unaweza kulinganisha. Wakakuta kwamba familia ikipatwa na janga, ugonjwa au kazi kuisha, asiyetumia M-Pesa matumizi yake ya nyumbani yanashuka kwa asilimia 7. Anayetumia hayashuki. Ndugu wanatuma, tena wengi na kutoka mbali zaidi. Mwaka 2016 wakatoa hesabu ya muda mrefu: kaya 194,000, sawa na asilimia 2 ya kaya za Kenya, zimetoka kwenye ufukara kwa sababu ya huduma hiyo, na wanawake wapatao 185,000 wamehama kutoka kilimo cha kujikimu kwenda kwenye biashara.

Kampuni yenyewe isingekwambia hayo. Kampuni ingekwambia miamala ni mingapi. Ilibidi mtu aingie jikoni kwa mama.

#7 Mama Salha Duka

Wanangu, mimi nina duka la rejareja na uwakala. Hiyo ya asilimia 7 siikatai, naiona dirishani kila siku. Mtu anakuja analia, anapokea elfu ishirini ya kaka yake, ananunua unga palepale.

Lakini huyo profesa angekuja pia huku Tanzania Julai 2021, tozo ya serikali kwenye miamala ya simu ilipoanza. Watu waliacha kutuma. Walirudi kumpa kondakta bahasha. Mimi niliuza vocha na biskuti, uwakala ukalala. Kama anasema faida ilitoka kwenye wepesi wa kutumiana, basi ukiongeza gharama ya kutuma unamnyang'anya nani? Yule aliyepatwa na janga.

#8 Mtoto wa Karani

Mama shikamoo. Umegusa penyewe. Hoja yao nzima imesimama juu ya gharama ya kutuma. Kama kutuma kungekuwa ghali, undugu ungekuwepo lakini pesa isingefika.

#9 Mwanatakwimu wa Bushi

Naongezea jiwe. Suri huyohuyo, pamoja na Abhijit Banerjee (yule wa Nobeli ya 2019) na Paul Niehaus, wako kwenye jaribio kubwa la kugawa pesa taslimu kaunti za Siaya na Bomet kule Kenya, kwa kushirikiana na shirika la GiveDirectly. Vijiji 295. Vijiji 44 kila mtu mzima anapewa dola kama 22.50 kwa mwezi kwa miaka 12. Vijiji 80 wanapewa kiasi hichohicho kwa miaka 2 tu. Vijiji 71 walipewa kama dola 500 mkupuo. Vijiji 100 hawakupewa, ndio wa kulinganisha.

Matokeo ya miaka ya mwanzo yalitoka 2023. Uvivu haukuonekana. Watu walipunguza vibarua wakaongeza shughuli zao wenyewe. Waliopewa mkupuo walifungua biashara nyingi kuliko wale wa miaka 2, japo pesa zinakaribiana. Ila wale wa miaka 12 nao walifungua nyingi. Iweje, na wao wanapokea kidogo kidogo? Waliingia kwenye chama cha kuchangishana, wakapokezana, wakajitengenezea mkupuo wao. Wa miaka 2 hawakufanya hivyo kwa wingi.

#10 Mama Salha Duka

Marahaba mwanangu #8.

#9, kwa hiyo wamegundua upatu? Kwa miaka mingapi na dola ngapi? Wangekuja kibarazani kwangu Jumapili saa kumi, ningewapa na kahawa.

#11 kopo_la_rangi

😂😂 Mama kamaliza uzi.

#12 Mwanatakwimu wa Bushi

Mama, utani wako una ukweli, lakini kuna kitu wewe na mimi hatukukijua. Sote tunajua upatu upo. Hatukujua kwamba ukimwahidi mtu miaka 12 anaugeuza upatu kuwa mtaji, na ukimwahidi miaka 2 hafanyi hivyo kwa wingi. Hilo lina maana kwa kila mradi wa "awamu ya kwanza miezi 18" unaokuja wilayani.

#13 Mzee wa Mlimani

Vijana, nimesoma kimya kimya tangu jana. Nilikuwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ya sabini. Mnazungumza habari ya kuchanganya fani kana kwamba imevumbuliwa Boston. Sisi kila mwanafunzi, awe wa sheria, wa udaktari, wa uhandisi, alisoma DS, yaani Masomo ya Maendeleo. Lazima. Ulikaa ukumbini na mtu anayesomea mitambo na mwingine anayesomea fasihi, mkabishana kwa nini pamba inatoka ghafi na inarudi kitambaa.

Nisiwadanganye, ilikuwa na kasoro zake. Wengi wetu tulikariri. Mitihani ilikuja tukamwaga majina ya wanafalsafa, tukafaulu, tukaenda kuwa mameneja wa mashirika ya umma tusiojua kusoma mizania. Uchumi wa siasa tuliujua sana, lakini gharama ya gunia moja la mbolea kufika Songea hatukuijua. Kwa hiyo tulichanganya watu ukumbini, lakini hatukuwapa kazi moja ya kufanya kwa mikono. Huyo fundi wa vyoo hakuna aliyemwita.

#14 Mtoto wa Karani

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma hiyo mara mbili.

Nikuongezee kwa nini nadhani wale wa MIT walibahatika. Sloan haikuanza kama shule ya biashara. Ilianza 1914 ndani ya chuo cha uhandisi, ikiitwa Kozi ya 15, ya kuwafundisha wahandisi usimamizi. Ikawa shule kamili 1952 kwa fedha za mfuko wa Alfred P. Sloan, bosi wa General Motors. Yaani biashara ndiyo ilikuwa mgeni nyumbani kwa wahandisi, na mgeni hujifunza lugha ya wenyeji.

Mwaka 1956 akahamia pale mtu anaitwa Jay Forrester. Mhandisi wa umeme, aliyetengeneza kumbukumbu za kompyuta za mwanzo. Akaanza kuitazama kampuni kama mtambo: maji yanaingia, yanajaa, yanatoka, na kuna kuchelewa katikati. Kutokana na kazi hiyo ukapatikana mchezo ambao mpaka leo wanafunzi wao wanaucheza, mchezo wa bia. Wachezaji wanne kwenye mnyororo: muuza rejareja, muuza jumla, msambazaji, kiwanda. Hamruhusiwi kuongea, mnapeana vikaratasi vya oda tu, na mzigo unachukua wiki kufika. Wiki za mwanzo mteja ananunua kreti 4. Halafu anapanda hadi 8, na hapo anabaki, hapandi tena wala hashuki.

Mabadiliko ni hayo tu. Lakini ndani ya muda mfupi kila mtu anaishiwa, anaogopa, anaagiza mara mbili. Wa juu yake anaona oda imelipuka naye anaagiza mara mbili ya hiyo. Kiwanda kinazalisha kama kichaa. Baadaye mizigo yote inafika kwa pamoja, magodauni yanafurika na oda zinakuwa sifuri. Ukiwauliza wachezaji mteja alifanya nini, wanaapa mteja alikuwa anapanda na kushuka. Kumbe mteja katulia na kreti zake 8. Waliopandisha na kushusha ni wao wenyewe.

#15 Mama Salha Duka

Ngoja kwanza. Mapema 2024 sukari ilipopotea. Mimi huwa naagiza mifuko miwili. Niliposikia kwa jirani haipo, niliagiza mitano, nikijua nitapewa nusu. Jirani akaagiza kumi. Mwenye jumla akasema hajapata kuona mahitaji kama hayo. Mvua zilikuwa zimesimamisha uvunaji wa miwa, hilo lilikuwa kweli, lakini na sisi tulimwagia petroli.

Mwanangu, huo mchezo nimeucheza na sikulipa ada.

#16 Mhadhiri Mchovu

Nafundisha biashara kwenye chuo ambacho sikitaji. Niseme yasiyosemwa siku ya mahafali.

Nilijaribu mara mbili kuendesha somo la pamoja na watu wa uhandisi. Kikwazo cha kwanza kilikuwa ratiba. Wao wana maabara Alhamisi, sisi tuna wanafunzi wa jioni. Kikwazo cha pili: alama ziingie idara gani? Vikao vitatu. Cha tatu ndicho kilichonimaliza. Niliandika makala na mtaalamu wa udongo kuhusu bei ya mboji. Nilipoomba kupandishwa cheo, kamati ikaniuliza hii makala ni ya biashara au ya udongo. Nikasema ya vyote viwili. Wakaihesabu nusu. Kijana mwenye akili akiona hivyo ataandika nini mwaka unaofuata? Ataandika mambo ya wateja kuridhika na huduma za benki, tena kwa dodoso la watu 120, na atapanda.

Lakini somo lenyewe, siku lilipokubali, sijawahi kufundisha kitu kitamu kama kile. Wiki tano za mwanzo zilikuwa bure. Wa biashara walikuwa wanaongea, wahandisi wananyamaza na kuwadharau. Wiki ya sita niliwapeleka soko moja la samaki la pwani. Tatizo: samaki wanaharibika, barafu haitoshi. Wahandisi wakaja na mchoro wa mashine kubwa ya barafu. Wa biashara wakaja na mkopo wa kuinunua. Nikawaambia laleni hapa mpaka alfajiri.

Boti zinaingia saa kumi na moja. Gari la barafu linafika saa mbili, likitoka kuhudumia mahoteli. Barafu ilikuwa inatosha. Ilikuwa inakosewa saa. Mhandisi mmoja akaniambia, mwalimu, hata mashine yangu ingewashwa saa mbili, maana mwendeshaji ndiyo anapofika kazini. Hapo ndipo walipoanza kuongea wao kwa wao, kwa sababu hakuna kati yao aliyekuwa anajua jibu kabla ya mwenzake.

Muhula uliofuata somo likaondolewa. Halikuwa na idara.

#17 Nyangumi wa Kilindini

Mwalimu pole. Hiyo ya barafu imenigusa, mimi ni mtoto wa mvuvi. Hakuna aliyewahi kulala pale mpaka alfajiri ila wenye boti na paka.

Narudi kwa Mtoto wa Karani. Nimefikiri, na nitakupa nusu. Hiyo kazi ya mahindi yafaa, kwa sababu imemwondolea mkulima lawama. Laiti mamangu angeambiwa vile, "mama, tumekuta hesabu yako ni sawa, barabara ndiyo mbovu", angeisamehe ile sabuni. Nusu ya pili siitoi mpaka watafiti warudi na majibu kibarazani, kwa lugha twaielewa. Na yule kijana wa mkokoteni apewe hisa au apewe darasa, kimoja wapo.

#18 kopo_la_rangi

Mimi ndiye muuza soda wa slaidi 14. Nimemjua mwandishi kwa ile picha ya mche. Kaka kumbe ulikuwa na haya yote moyoni ukanyamaza kikundini?

#19 Mtoto wa Karani

😂 Haki ya Mungu. Basi tumeshikana.

Nilinyamaza kwa sababu ilikuwa saa tatu usiku na kila mtu anataka daladala. Ila prezentesheni ni Jumatano ijayo, bado tuna siku nane. Napendekeza miti na madawati tuvifute. Tubaki na swali moja: kwa nini mtu wa bondeni anatapisha wakati huduma ya kunyonya ipo? Wa benki waangalie kama inawezekana kulipa kidogo kidogo kila mwezi badala ya mkupuo siku choo kikijaa. Wa bima naona ana kazi kubwa hapo kuliko anavyojua, maana shimo kujaa ni kitu kinachojulikana kitatokea, ila hujui lini. Wewe wa soda unajua magari madogo yanavyofika vichochoroni ambako lori halifiki, hiyo ndiyo kazi yako ya kila siku. Tunakosa mhandisi, tunakosa mtu wa afya.

#20 Mhandisi wa Kike

Maji na mazingira, mwaka wa nne. Nipo Dar mpaka mwisho wa mwezi. Sitaki kuwekwa kwenye slaidi kama "mtaalamu mshauri". Nitakuja kama kuna shimo la kuangalia kweli, nikapime kina cha maji ya ardhini. Bondeni maji yako juu, inawezekana shimo linajaa maji ya ardhi zaidi ya kinyesi, na mnanyonya mto.

#21 Fundi Bomba 77

Dada #20 umesema kitu ambacho nakishuku miaka mingi. Kuna nyumba nanyonya Ijumaa, Jumatatu wananipigia imejaa. Mwenye nyumba ananiita mwizi.

Jumamosi hii nina kazi mbili bondeni, moja ni hiyo nyumba. Njooni saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijawaka. Dada aje na vipimo vyake. Wa benki waje na kalamu, mwenye nyumba anapenda kuongea habari za pesa. Mama Salha akipenda atume chai.

#22 kopo_la_rangi

Na viatu je? Mimi nina vya ofisini tu.

#23 Fundi Bomba 77

Gumbuti. Nina jozi mbili za ziada, namba 9 na namba 7. Mwenye namba nyingine ajitafutie.

#24 Mtoto wa Karani

Namba 9 nimewahi.